Ukidai fidia, nani atakuandika tena?

Leo sina vichekesho. Leo nina historia, na naomba uisome hadi mwisho kwa sababu kuna mtu kwa plot yenu inamhusu.

Kwa plot yetu kuna mzee mmoja sisi wote humwita Ankal. Alikuwa mtu wa mkono kwa kiwanda fulani ambacho sitakitaja. Miezi minane iliyopita mashine ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Kampuni ililipa hospitali, ikampa pesa za unga za wiki mbili hivi, ikamwambia apumzike, akipona atapigiwa simu. Hadi leo simu haijalia.

Jumapili iliyopita mathe alimuuliza, "Kwani huwezi kwenda leba udai haki yako?" Ankal akacheka kile kicheko cha mtu mzima anayeulizwa swali na mtoto. Akasema, "Mama, nikidai, nani ataniandika tena?"

Mimi nilikuwa tayari nimetoa simu nimsomee sheria. Lakini nikaangalia wale wengine waliokuwa wameketi hapo nje. Kuna wa mjengo, kuna soja wa usiku, kuna wa kuvunja mawe kwa kware. Wote walitikisa kichwa kukubaliana naye. Hakuna aliyeuliza anamaanisha nini. Hakuna hata mmoja aliyeshangaa.

Hapo ndio nilirudisha simu mfukoni. Watu sita wakiwa na hofu moja, hiyo si hofu ya mtu binafsi. Hiyo ni hofu ya kurithi. Nikaanza kutafuta ilianzia wapi, na nikaishia kwa karatasi ndogo ambayo guka zetu walikuwa wanatembea nayo shingoni.

Ukiumia, unarudishwa kwenu

Anza na reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, na Nairobi yenyewe ilianza kama kituo cha hiyo reli mwaka wa 1899. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India kwa mkataba. Shuleni tulisimuliwa sana kuhusu simba wa Tsavo. Lakini hesabu za reli zinasema kitu kingine: karibu 2,500 kati yao walikufa, na zaidi ya 6,000 walirudishwa India wakiwa wagonjwa au wameumia kiasi cha kutofaa kazi tena.

Soma hiyo ya pili tena. Zaidi ya watu 6,000. Mwili ukiharibika, unapandishwa meli, na anayefuata anashuka.

Sasa kitu cha kushangaza ni hiki. Mwaka wa 1897, reli ikiwa katikati, bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya fidia kwa wafanyakazi wa kwao. Mwingereza akiumia kiwandani au kwa reli ya kwao, mwajiri alipaswa kumlipa hata kama hakuna aliyethibitisha kosa la mwajiri. Kwa hivyo wazo lilikuwepo. Walijua. Kenya ilisubiri hadi nusu ya pili ya miaka ya 1940 ndio ikapata sheria kamili ya fidia ya wafanyakazi. Hiyo ni karibu miaka 50.

Kipande

Sasa katika hiyo miaka 50 ni sheria gani ilikuwa inamwangalia mfanyakazi? Mwaka wa 1906 ilikuja sheria ya mabwana na watumishi. Jina tu linakuambia. Chini ya hiyo sheria, mfanyakazi akiacha kazi kabla ya mkataba kuisha, hilo halikuwa jambo la kukatwa mshahara tu. Lilikuwa kosa la jinai. Unaweza kufungwa kwa sababu umechoka na boss.

Halafu ikaja kipande. Sheria yake ilipitishwa 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia 1919 na 1920, ikaanza kufanya kazi kweli. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimika kuwa nacho. Ndani kulikuwa na jina lake, alama za vidole, nani amemwajiri, mshahara wake, siku aliyoanza na siku aliyomaliza. Kiliwekwa ndani ya kikebe cha chuma chenye kamba na kuvaliwa shingoni, na wazee walikifananisha na kengele ya mbuzi.

Lakini shida kubwa ya kipande haikuwa chuma. Ilikuwa saini. Ukitaka kuondoka, mwajiri lazima akusainie kwamba amekuachilia. Bila hiyo saini, mwajiri mwingine hapaswi kukuchukua, na polisi akikushika wewe ni mtoro. Kwa hivyo fikiria wewe ni kijana wa 1925, shamba la mkonge, mguu umevunjika kazini. Unataka kulalamika. Yule unayemlalamikia ndiye mwenye kalamu ya kazi yako inayofuata.

Ndio maana hadi leo kwa Kiswahili cha mtaa hatusemi "ameajiriwa". Tunasema "ameandikwa". Na mtu aliyeandikwa anaweza kufutwa. Hilo neno "kufutwa kazi" pia tunalo. Sidai kwamba kipande ndicho kilichozaa hayo maneno, lakini sikiza vile yanakaa: kazi yako ni maandishi kwa kitabu cha mtu mwingine, na raba anayo yeye.

Watu hawakukubali kimya kimya. Harry Thuku alipanga watu hapa Nairobi kupinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alipokamatwa mwezi wa 3 mwaka wa 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, na tarehe 16 wakapigwa risasi. Walikufa watu zaidi ya 20, Muthoni akiwa mmoja wao. Kipande kiliendelea miaka mingine 25, hadi 1947 ndio ikaletwa sheria mpya ya kusajili watu wa rangi zote.

Sasa linganisha hizo tarehe. Sheria ya fidia na mwisho wa kipande zilikuja karibu wakati mmoja. Yaani siku mfanyakazi Mkenya alipoambiwa kwa mara ya kwanza "ukiumia, unaweza kudai", tayari alikuwa amefundishwa kwa karibu miaka 30 kwamba anayemkasirisha mwajiri hapati kazi nyingine. Sheria inaweza kubadilika kwa siku moja. Mafunzo ya miaka 30 hayatoki hivyo.

Na wale waliojaribu kuyatoa walionyeshwa. Chege Kibachia, aliyeongoza wafanyakazi baada ya mgomo mkubwa wa Mombasa wa 1947, alikamatwa mwaka huohuo na kupelekwa kuishi mbali kule Baringo. Na hapa kwetu Eastlands, tarehe 23 Aprili 1950, ukumbi wa Kaloleni ulijaa, na Makhan Singh, mtu wa vyama vya wafanyakazi, akasimama kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa pamoja na Fred Kubai, na jiji likagoma. Makhan Singh aliachiliwa 1961. Miaka 11. Ukipita Kaloleni ukienda tao, kumbuka hilo. Mzazi aliyeona hayo angemwambia mtoto wake nini kuhusu kudai haki kazini? Angemwambia kile Ankal alichosema Jumapili.

Sheria ya leo inasema nini

Twende mbele. Mwaka wa 2007 bunge lilipitisha sheria tano za kazi kwa mpigo. Mbili ndizo za stori yetu: Sheria ya Ajira, na ile ya mafao ya walioumia kazini ambayo watu huita WIBA.

WIBA inasema ukiumia kazini, huhitaji kuthibitisha kwamba boss alikosea. Inatosha kwamba uliumia ukiwa kazini, isipokuwa kama ulijiumiza makusudi au kwa utovu wa nidhamu wa wazi. Mwajiri anapaswa kuwa na bima. Akijua umeumia, ana siku 7 za kupeleka ripoti kwa mkurugenzi wa usalama na afya kazini, na kama mtu amekufa ni saa 24. Wewe una miezi 12 tangu siku ya ajali kuweka dai.

Ulemavu wa kudumu unahesabiwa kwa mshahara wa miezi 96, kulingana na asilimia ambayo daktari atakupa. Hesabu ya mfano tu: mtu wa shilingi 20,000 kwa mwezi, ulemavu wa asilimia 10. Miezi 96 ni shilingi 1,920,000, na asilimia 10 yake ni 192,000. Linganisha na pesa za unga za wiki mbili.

Hii sheria ilianza kutumika mwezi wa 6 mwaka wa 2008, na mara moja ikaingia mahakamani. Chama cha Mawakili kilisema inamnyima mfanyakazi mlango wa korti kwa kumpeleka kwa mkurugenzi. Mwaka wa 2009 Mahakama Kuu ilikubali na kufuta vipengele kadhaa. Mwaka wa 2017 Mahakama ya Rufaa ikarudisha vingi. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikamaliza: anza kwa mkurugenzi, korti ni ya rufaa. Miaka zaidi ya 10 ya watu walioumia kuambiwa leo nenda huku, kesho rudi kule. Na wengine waliofungua kesi wakati huo walikaa wakingoja hadi 2023, Jaji Mkuu alipotoa mwongozo kwamba kesi zilizokuwa kortini kabla ya hiyo hukumu ziendelee hadi mwisho. Ukiwa na jirani aliyepitia hayo, usishangae akikuambia sheria ni hadithi.

Lakini swali la Ankal halikuwa kuhusu pesa. Lilikuwa kuhusu kazi inayofuata. Hapo nenda kwa Sheria ya Ajira.

Kifungu cha 46 kinaorodhesha sababu ambazo haziwezi kutumika kumfuta mtu. Mojawapo ni kwamba mfanyakazi amelalamika, au anapanga kulalamika, au amefungua kesi dhidi ya mwajiri, isipokuwa kama malalamiko yenyewe hayana msingi kabisa. Akikufuta kwa sababu umedai fidia, hiyo ni kukufuta isivyo haki, na korti inaweza kukupa hadi mishahara ya miezi 12. Hiyo ni tofauti na fidia ya jeraha. Ni haki mbili, si moja. Unaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3 tangu ufutwe.

Kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na hapa sikiza vizuri: hakimlindi tu aliye kazini, kinamlinda pia anayetafuta kazi. Ankal na vidole vyake vitatu anaingia hapo.

Na kifungu cha 51 ndicho kilinifanya nikae chini. Ukimaliza kazi, kama ulifanya wiki 4 mfululizo au zaidi, mwajiri lazima akupe cheti cha kazi. Kinaandikwa jina lako, jina lake, kazi gani, wapi, ulianza lini, ulimaliza lini. Mwajiri halazimiki kuandika tabia yako ilikuwaje. Akikataa kukupa, au akiandika uongo anaojua ni uongo, anaweza kupigwa faini ya hadi shilingi 100,000, au miezi 6 ndani, au vyote viwili.

Umeona? Ni kipande kilekile kimegeuzwa kichwa chini. Mambo yaleyale, mwajiri, kazi, kuanza, kumaliza. Lakini sasa karatasi ni yako, na anayeogopa kuvunja sheria ni yeye.

Basi mbona bado tunaogopa?

Kwa sababu wenye kazi pia walisoma historia. Zamani karatasi ndiyo ilimfunga mfanyakazi. Leo kukosa karatasi ndiko kunamfunga.

Nenda geti la kiwanda chochote saa 12 asubuhi. Watu wamesimama, supavaiza anatoka, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe. Hakuna mkataba, hakuna payslipu, jioni unalipwa mkononi au kwa M-Pesa kutoka namba ya mtu binafsi. Huyu akidai fidia, hakuna haja ya kumfuta. Kesho kidole kinapita juu ya kichwa chake, basi. Kifungu cha 46 kinalinda mtu asifutwe, lakini utasemaje umefutwa kama hukuwahi kuandikwa? Na ile orodha ya kifungu cha 5 ina ulemavu, dini, kabila na mengine, lakini "aliwahi kudai fidia kwa mwajiri wa kwanza" haimo. Hilo ni shimo, na ni afadhali nikuambie ukweli kuliko nikudanganye kwamba sheria imeziba kila kitu.

Na usidhani hii ni ya watu wa mkono pekee. Wewe mwenye kazi ya laptopu, kumbuka wale wahariri wa maudhui ya Facebook waliokuwa hapa Nairobi chini ya kampuni ya Sama. Kazi yao ilikuwa kutazama video za mauaji na mateso ili wewe usizione. Mwaka wa 2022 mmoja wao, Daniel Motaung, alishtaki kuhusu hali ya kazi. Mwaka wa 2023 zaidi ya 180 walikwenda kortini wakisema wameachishwa kazi kinyume cha sheria, na kwamba kampuni iliyochukua kandarasi baadaye, Majorel, ilikuwa inakataa kuwachukua waliotoka Sama. Soma hayo madai tena. Kampuni zilipinga, na Meta ilisema haipaswi kushtakiwa Kenya, lakini Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilisema inaweza. Mwisho wa mwaka huo, ripoti ya daktari iliyopelekwa kortini ilisema zaidi ya 140 kati yao wana kiwewe kikali. Jeraha ni la akili badala ya kidole, ofisi ina AC badala ya vumbi, lakini swali ni lilelile la Ankal: nikidai, nani ataniandika tena?

Tengeneza kipande chako mwenyewe

Kwa hivyo mimi sitamwambia mtu "wacha uoga". Uoga wake una sababu na una umri wa miaka mia moja. Ninachosema ni hiki: kama silaha yao ni kukosekana kwa karatasi, basi weka karatasi.

Kila jioni andika tarehe, mahali na kazi uliyofanya. Usifute meseji za M-Pesa za malipo. Ujumbe wa foremani kwa WhatsApp, "kesho saa moja", piga skrinshoti. Piga picha ukiwa na ovaroli kazini. Sheria inasema ukifanya kazi mfululizo kwa siku za jumla ya mwezi mmoja au zaidi, wewe si kibarua wa siku tena, na kama mkataba wa maandishi haupo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi unamwangukia mwajiri. Lakini kwanza lazima uonyeshe ulikuwa hapo.

Ukiumia, waambie siku hiyohiyo, na waambie kwa meseji hata kama umeshawaambia kwa mdomo. Hospitali, sema wazi kwamba uliumia kazini na uhakikishe imeandikwa. Usisaini kitu hujasoma. Ukipewa cha kusaini, piga picha kwanza. Na mkiumia au mkifutwa wengi, nendeni leba wengi. Kidole cha supavaiza kinaweza kuruka mtu mmoja, lakini hakiwezi kuruka geti zima. Hiyo Makhan Singh aliijua kabla yetu.

Nilimrudia Ankal jana jioni. Sikumsomea vifungu. Nilimuuliza tu kama bado ana meseji za malipo. Akatafuta simu, ile ndogo ya batani, tukakaa kwa ngazi tukihesabu. Kuna malipo ya miezi 14, karibu kila wiki, namba ileile.

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza, "Umesema ni miezi mingapi?"

Nikamwambia 12 tangu siku ya ajali. Minane imeisha.

"Na nikienda na hawa wengine?" Walikuwa watatu pale kiwandani walioumia mwaka huo, na mmoja anakaa Chokaa. Tunaenda kumtafuta Jumamosi.

Kama mzazi wako, braza yako au wewe mwenyewe umeumia kazini na umenyamaza, hesabu miezi leo. Usingoje simu ilie.